Kwa Salim, kuhusu timu yetu ya marabou

Buruburu, Nairobi

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi tu wazima, mvua imeanza na barabara zetu unazijua. Orodha yako ya timu imenifikia. Nimeisoma na kuirudia, na nimefurahi kwamba lile wazo la kuunda timu ya marabou, wale korongo wakubwa wa jijini, kwa ajili ya mchezo wetu wa mezani hukuliacha lipotee hivi hivi. Nakujibu kwa kirefu, maana timu hii naipenda na nataka siku tutakapoiweka mezani mbele ya watu wanaoujua mchezo, waikubali.

Wazo lenyewe halina kasoro. Blood Bowl, huu mchezo wa ubao, sanamu na dadu unaofanana na mpira wa Marekani, upo tangu 1986, kampuni ya Games Workshop ilipoutoa, na muda wote tumekuwa tukiwachezesha Orki, Goblini na mazimwi ya watu wengine. Wakati huo huo wachezaji wetu wamekaa juu ya migunga pale karibu na Uwanja wa Nyayo, kila mtu anapita chini yao akienda kazini. Juzi foleni iliposimama nilipata nafasi ya kumtazama mmoja vizuri. Alikuwa ameshuka chini, shingo ameikunja mabegani, kichwa kipara chenye madoa, kifuko chekundu kinaning'inia kifuani. Miguu yake ilikuwa myeupe kama imepakwa chokaa, na ile ni kinyesi chake mwenyewe anachojimwagia ili apoe joto. Hakuwa na haraka yoyote. Watu wanapita, pikipiki zinapiga honi, yeye katulia tu. Kisha mama mmoja wa mahindi akaangusha kitu, na kabla hajainama, ndege alikuwa amepiga hatua mbili na kile kitu hakipo.

Huyo ndiye mchezaji wetu, Salim. Lakini kwenye orodha yako simwoni.

Ulichoandika wewe ni ndege mwenye nguvu 4 na ujuzi wa aina tatu, Kikumbo (kugongana bila kuanguka ovyo), Kuruka (juu ya mtu) na Kupokonya (kumtoa mtu mpira), na bei yake 90,000 za dhahabu ya mchezoni. Tumpime kwa kitabu cha kanuni cha 2020, kwa sababu ndicho tunachokitumia. Humo, mchezaji akijifunza ujuzi wa fani yake uliochaguliwa na kocha, thamani yake inapanda 20,000. Mwendo ukiongezeka moja ni 20,000, wepesi 40,000, nguvu 80,000, na kinga ya mwili 10,000. Sasa mchukue binadamu wa kawaida wa mstari wa mbele: mwendo 6, nguvu 3, wepesi 3+, kinga 9+ (ile + ni namba ya dadu inayotakiwa au zaidi; ya kinga, adui ndiye anayeitafuta ili aivunje), bei 50,000. Mwongeze mwendo mmoja na Kikumbo, umepata Blitza, mshambuliaji wa timu. Kwa hesabu yetu angekuwa 90,000, na kitabu kinamuuza 85,000, kwa hiyo kipimo hiki hakiko mbali. Ndege wako kwa kipimo hicho hicho ni 190,000. Zimwi la timu ya binadamu ni 140,000, na pamoja na nguvu zake 5 bado lina akili nzito: kila likitaka kufanya jambo unarusha dadu, ikitoka 1 limeduwaa palepale. Ukija na wanne wa namna yako kwa 90,000 kila mmoja, hakuna atakayecheza nawe mara ya pili, na atakuwa na haki.

Lakini bei si ndiyo hoja yangu kubwa. Hata ukimpandisha huyo ndege hadi 190,000, bado hatakuwa marabou. Timu za kile kitabu zinapendeza kwa sababu kila moja ina jambo isiloliweza, na kocha analazimika kuishi nalo. Orki wa mstari ana kinga 10+, ni mgumu kweli kweli, lakini mwendo wake ni 5. Goblini ana nguvu 2, ukimgusa anaruka hewani, ila anapenya popote. Mimi nilipoanza kuandika upya timu yetu nilijiuliza kwanza marabou hawezi nini. Hawezi kurusha mpira, kwa kuwa ana mdomo tu. Basi tumfutie pasi kabisa, tuweke kistari kama kitabu kinavyofanya kwa wachezaji wasiorusha. Hawezi kugombana kifua kwa kifua. Miguu ile ni vijiti, kwa hiyo kinga iwe 8+. Najua inauma: kuvunja kinga ya 8+ kwa dadu mbili ni nafasi 15 kati ya 36, wakati kwa Orki wa 10+ ni 6 tu kati ya 36. Ndege wetu watabebwa nje mara nyingi. Acha wabebwe.

Anachoweza ni kungoja na kudokoa. Hapo ndipo tuweke pesa. Hivi ndivyo nilivyowapanga:

Korongo wa kawaida, mwendo 6, nguvu 3, wepesi 3+, kinga 8+, hana ujuzi wowote, 45,000. Wadokozi wawili, mwendo 7, wana Kupokonya peke yake, 70,000 kila mmoja. Wapaaji wawili, mwendo 7 pia, wana Kuruka, nao 70,000. Hakuna jitu, yaani mchezaji mkubwa kama lile zimwi. Najua ulitaka lile lizee lenye nguvu 5, lakini kundi la marabou halina mkubwa wa kupigania wengine, kila mmoja anajitegemea, na jitu likiingia timu yote itaanza kumzunguka yeye. Kurudia dadu nimeweka 70,000, bei ya juu, kwa vile hawa si ndege wa nidhamu.

Ukiwa na 1,000,000 yako ya kuanzia unapata korongo kumi kwa 450,000, wadokozi na wapaaji kwa 280,000, marudio matatu kwa 210,000, na mganga 50,000. Jumla 990,000, ndege 14. Zimebaki 10,000 na nitakuuliza habari yake mwishoni.

Tumewajaribu Jumamosi hapa kwangu, dhidi ya Orki wa jirani yangu ambaye hamwonei mtu huruma. Kipindi cha kwanza mtupaji wao aliokota mpira, akamkabidhi Blitza, naye akaanza kushuka kandokando ya mstari huku wenzake wamemfunika upande mmoja. Mdokozi alikuwa nyuma kidogo, na korongo mmoja alikuwa tayari ameshikana bega na yule Blitza. Nguvu 3 kwa 3, msaada wa korongo ukatupatia dadu mbili za kugongana, zile zenye picha badala ya namba. Ona jinsi Kupokonya kunavyobadilisha hesabu: nyuso mbili za kusukuma, ambazo kwa mchezaji mwingine hazina faida kubwa, kwetu zinaangusha mpira. Nyuso nne kati ya sita zinatufaa, na kwa dadu mbili tunafanikiwa mara nane kati ya tisa. Ilitoka kusukuma. Blitza hakuanguka, hakuumia, alirudi mraba mmoja tu, na mpira ukamtoka ukadunda kuelekea katikati, mahali pasipo na mtu. Mpaaji akaruka juu ya kichwa cha Orki aliyemzibia, akatua, akauokota, akakimbia. Jirani aliutazama ubao kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Kipindi cha pili alitushika. Mtupaji wake ana ujuzi wa Mikono Imara, na Kupokonya hakumgusi mwenye Mikono Imara. Akamwachia mpira zamu zote nane, akampeleka taratibu katikati ya kifungu cha Orki wanne, na sisi tukabaki kuzunguka nje tukitafuta mlango. Kumwangusha kabisa kungehitaji vikumbo ambavyo hatuna. Tulitoka sare. Nilifurahi kuliko ningeshinda, maana sasa najua dawa ya timu yetu ipo na yeyote anaweza kuipata akifikiri. Nakuomba usije ukaizibia hiyo nafasi kwa kuwapa wadokozi Kikumbo tangu mwanzo. Wakijifunza wenyewe baada ya mechi kadhaa, sawa, watakuwa wamekihangaikia.

Kuhusu sanamu, usiagize chochote kutoka nje. Nimenunua waya wa shaba wa umeme Kirinyaga Road pamoja na ile gundi ya sehemu mbili inayokandwa kwa mkono na kukauka ngumu. Nilifikiria mawe ya Kisii, yanachongeka vizuri, ila miguu myembamba namna hii ingekatika siku ya kwanza. Waya unaukunja miguu miwili na uti wa mgongo kwa kipande kimoja, halafu unavisha mwili juu yake kabla gundi haijashika. Mabawa fanya yakiwa yamefunga. Nilitengeneza mmoja akiwa ameyakunjua na kila akisimama karibu na mwingine wanaangushana, na miraba ya ubao unaijua ilivyobanana, 26 kwa 15. Rangi: mgongo mweusi unaoelekea kijivu, tumbo jeupe, kichwa waridi chenye madoa meusi. Miguu ipake nyeusi kwanza, kisha nyeupe nyepesi juu yake, weusi uonekane kwa chini.

Nimeshamaliza korongo sita na mdokozi mmoja. Wapaaji nakuachia wewe, mkono wako ni mzuri kuliko wangu kwenye vichwa. Jina nimependekeza Marabou wa Nyayo, ila kama una lingine lete.

Sasa ile 10,000 iliyobaki. Inatosha kocha msaidizi mmoja, au mshangiliaji mmoja. Mimi nauona ushangiliaji: yule mama wa mahindi, ana jiko lake pembeni ya uwanja. Wewe unasemaje? Nijibu kabla hujapanda treni, ili kama ni yeye nianze kumkunja kwa waya wiki hii.

Nisalimie nyumbani, na Mama umwambie nimemkumbuka.

Rafiki yako wa Buruburu