Usimwekee muziki

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya feri ya Likoni, kelele tupu, lakini nimekuelewa: wataka kumrekodi ami anavyotengeneza mashua ili vijana wa Vanga wajifunze, na waniuliza uanzie wapi kwa vile sisi huku tumeshaanza.

Anza na sauti. Picha, simu yoyote itakupa. Lakini msikilize fundi anapotia kalafati, yaani anapoziba mianya ya mbao maji yasiingie. Anasokota pamba iliyolowa mafuta, anailaza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, kisha anaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mkono hauonyeshi ajabu yoyote, pigo ni lile lile. Kinachobadilika ni mlio. Mwanya ukiwa bado na nafasi, nyundo hulia kama inapiga mto wa sufi; pamba ikijaa ikakazana, mlio unakauka na kupanda, na hapo hapo fundi anasogea mbele. Nilimuuliza mzee wetu, fundi tunayemrekodi huku, anajuaje kuwa imetosha. Akanijibu, "Kwani hukusikia?" Akizidisha, mbao zinasukumana na mwanya wa jirani unaachia. Akipunguza, chombo kinavuja.

Sasa hawa vijana wetu wa kuhariri hufanya nini? Wanafuta sauti yote, wanapachika wimbo, wanaongeza kasi mpaka mikono haifuatiki. Inapendeza, sikatai, na watu wataisambaza. Ila hakuna atakayeshika nyundo kwa sababu yake.

Keekee, ile ya kutobolea mbao, na misumari zipitie haraka: toboa kwanza ubao usipasuke, zungushia msumari uzi wa pamba yenye mafuta chini ya kichwa, gonga. Hayo yaonekana kwa macho.

Adui wako atakuwa upepo. Kusi ikivuma, simu haisikii kitu. Kaa upande wa chombo usiopigwa na upepo, ziba tundu la maikrofoni kwa kipande cha sifongo, na uisogeze simu kwenye mwanya, si kwenye uso wa mtu. Mzee wetu hakutaka uso wake uonekane, wala sikuona hasara.

Tena chunga maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3, kwa hivyo chombo kilichokalishwa mchangani kina saa chache tu kabla hakijaelea. Kazi ikiisha usiondoke. Ngoja maji yajae, ingia ndani na simu, umulike kule chini kwenye mkuku, ule uti wa chombo: pakavu au panachuruzika? Kijana akisikia mlio, kisha akaona mlio huo ulizaa nini, ataunganisha mwenyewe.

Vipande viwe vifupi, bando la shilingi 20 haliendi mbali. Kuna dereva mmoja wa tuktuk huku husikiliza video zetu akingoja abiria, simu iko mfukoni, hata haangalii. Juzi alikuja akaomba nyundo. Akagonga, akasita, akamtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa: bado. Video haikumfanya fundi, lakini alijua pa kusitia, na wanafunzi wa zamani walifika hapo baada ya miezi mingi ya kusokota pamba na kutumwa chai.

Na kabla hujawasha simu, kubaliana na ami kuwa video ni za nani. Wetu aliuliza mapema: mkipata pesa humo, fungu langu liko wapi? Tukaandikiana. Kuna fundi mwengine alirekodiwa bila kuombwa, akaja kujiona kwenye simu ya mjukuu wake. Mpaka leo hataki simu karibu na chombo chake, na mimi simlaumu.

Kipande cha kwanza nitumie kabla hujakikata. Kitume kama faili, maana ukikituma hivi hivi WhatsApp itakipunguza ubora na mlio utapotea.

Nisalimie mama na watoto.

Wassalaam,
Sahibu yako wa Kibokoni