Klachi haitaki mguu uliolala juu yake

Gari likianza kunuka kitu kilichoungua, wengi hushuka wakafungua boneti kuangalia injini. Mara nyingi inayoungua ni klachi pleti, sahani inayounganisha injini na giaboksi. Hiyo hubanwa na presha pleti, bamba lenye springi, kwenye flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini. Ukikanyaga pedali zinaachana; ukiachia yote zinashikana na kuzunguka pamoja. Joto huzuka katikati ya hapo, zinaposhikana nusunusu zikawa zinasuguana. Basi ifupishe hiyo nusu.

Unapoondoka, kanyaga mpaka chini, tia gia ya kwanza, achia polepole hadi gari lianze kuvuta, ongeza mafuta kidogo, kisha achia yote na mguu uuweke sakafuni. Ukibaki juu ya pedali, hata kwa uzito mdogo, beringi ya klachi hulika na pleti huanza kuteleza. Kwenye mlima shikilia gari kwa hendibreki, si kwa klachi. Foleni ikisimama, weka nyutro.

Huku kwetu Malindi adui mkubwa ni mchanga. Kabla ya kuingia njia za ufukweni upande wa Mambrui, punguza upepo wa tairi hadi psi 18 hivi, tia gia ya pili ukiwa bado pagumu, na usibadilishe katikati. Tairi zikizama, tafadhali usichezeshe klachi huku injini ikinguruma. Dakika chache tu zinatosha kuiunguza pleti nzima. Shuka, fukua mchanga mbele ya tairi, omba watu wasukume. Ukirudi kwenye lami, jaza upepo kabla ya kukimbia.

Kwa mnaoacha gari Mokowe mkavuka Lamu wiki kadhaa: unyevu wa bahari huweza kuigandisha pleti kwa kutu. Gia zikikwaruza na kukataa kuingia injini ikiwa inawaka, msilazimishe. Tupigieni sisi mafundi.

Ukitaka kuipima mwenyewe, simama pahali tambarare pasipo mtu mbele, vuta hendibreki kabisa, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, achia klachi. Injini ikizima, pleti ingali inashika. Ikiendelea kunguruma, imekwisha. Jaribu mara moja tu, maana jaribio lenyewe linaila.

Tukishusha giaboksi, tunashauri pleti, presha na beringi zibadilishwe pamoja, kwani gharama ya kushusha ni ileile. Sili ya nyuma ya krenki, mpira unaozuia oili ya injini isitoke, tunaikagua hapohapo: ikivuja, oili italowesha pleti mpya nayo itateleza kama ile ya zamani.