Mdogo wangu, kabla hujauachia huo wimbo

Mdogo wangu,

Nimeusikiliza wimbo wako mara nne tangu jana usiku. Ubeti wa pili unaikimbia biti, ila hilo tutaliongea siku nyingine. Kilichoninyima usingizi ni ule ujumbe wako kwamba mko watatu na mgao mtajua mbele ya safari.

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Tulikuwa watatu vilevile, tunarekodi usiku wa manane. Kiitikio kilinijia nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, headifoni sikio moja. Mwenzangu mmoja akabadilisha neno moja, mwingine akaongeza gitaa. Tukacheka, tukauachia. Wimbo ulipoanza kupigwa na hela kutajwa, kila mmoja akaukumbuka usiku ule kivyake. Lile neno moja likageuka nusu ya kiitikio! Sikuwa na karatasi, sikuwa hata na ujumbe wa simu. Hatusalimiani hadi leo. Unawajua, siwataji.

Usifikiri sheria ilinitupa. Mkataba wa Bern wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu uliporekebishwa Berlin 1908, unalinda kazi ya mtunzi bila kumdai aisajili kwanza. Haki nilikuwa nayo. Ushahidi ndio sikuwa nao.

Halafu elewa kwamba unaposema "wimbo wangu" unataja mali mbili. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi, na kuna rekodi, ile masta iliyotoka studio. Mwenye hii si lazima awe mwenye ile. Mwimbaji wa Marekani Dolly Parton alitoa "I Will Always Love You" mwaka 1974. Upande wa Elvis Presley ukataka nusu ya haki za utunzi ndipo Elvis auimbe, na Dolly akakataa, ingawa amesimulia kwamba alilia. Mwaka 1992 Whitney Houston akaurekodi upya na dunia ikausikia. Sauti ya Whitney, kalamu ya Dolly, na mrabaha wa kalamu, yaani malipo ya mtunzi wimbo unapotumika, ukamfuata mwenyewe.

Sasa huyo prodyuza wako. Muulize waziwazi: amelipwa akamaliza, au ana fungu kwenye masta? Na kwenye utunzi je? Na kama biti mmeitoa mtandaoni, soma leseni yake hadi mstari wa mwisho. Nyingi ni za kukodi: zina kikomo cha matumizi, na biti hiyohiyo anaweza kuuziwa mtu mwingine kesho. Najua kuuliza kunatia haya, hasa mtu akiwa rafiki. Uliza leo, wimbo ukiwa hauna thamani bado, maana leo hakuna wa kugombana naye.

Msambazaji, yule anayeupeleka wimbo mitandaoni, akikupa ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu, jumla 12, itunze. Ila ujue inaitambulisha rekodi tu. Utunzi unausajili kivyake, kwenye chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi, kwa majina yenu halisi na asilimia zenu. Wengi husahau hapo, kisha wanalalamika kuwa redio hailipi.

Hela ya mtandaoni usiipigie hesabu mapema. Tangu 2024 Spotify haitoi mrabaha wa rekodi kwa wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Shoo ndizo zitakazokubeba mwanzoni, na hizo nazo zina vituko vyake, lakini barua itakuwa ndefu.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hamjatawanyika, chukueni karatasi moja. Jina la wimbo, tarehe, nani kaandika nini, asilimia za utunzi, asilimia za masta, sahihi tatu. Jumla ije 100; nimeona watu wazima wakigawana 110. Ipige picha, itume kwenye grupu lenu, kila mmoja ajibu kwamba amekubali.

Kisha nitumie na mimi nakala. Nikishaiona, ndipo tuutazame ubeti wa pili.

Kaka yako