Niligeuza chanya na hasi, sasa redio inapwita pu-pu-pu

Ndugu mshauri,

Salamu nyingi. Mimi na binti yangu wa miaka 13 tumeunda redio ndogo ya kupokea mita 40 (mawimbi mafupi ya karibu megahezi 7), ile ya chipu mbili: SA612 inayochanganya mawimbi na LM386 inayokuza sauti. Yeye ndiye aliyesuka koili zote na kuchomelea karibu kila kitu. Mimi nilichukua kazi moja tu, ya umeme, na ni hapo hapo palipoharibika. Tena mara mbili.

Kwanza ni klipu ya betri. Iliyokuja na seti ya vipuri ilikatika waya, nikabandua kichwa cha betri kuukuu ya volti 9 ili nikitumie badala yake. Kwenye betri, kile kichwa kidogo cha mviringo ni chanya na kikubwa ni hasi. Basi nikachomelea waya mwekundu kwenye kidogo, mweusi kwenye kikubwa. Sikukumbuka kwamba kidogo cha klipu hushika kikubwa cha betri! Bodi ikapata umeme kinyume. Redio kimya. Nikakaa kama sekunde 10 nikingoja sauti, hadi nilipogusa LM386 na kuondoa kidole haraka kwa jinsi ilivyochoma. Kapasita ya maikrofaradi 100 iliyo jirani yake nayo ilikuwa vuguvugu.

Nikarekebisha waya, nikaweka LM386 mpya (tulikuwa tumeiwekea soketi, namshukuru Mungu), nikaongeza dayodi 1N4007 (inayopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya wa chanya kwa sababu seti haikuwa na kinga yoyote.

Kosa la pili lilikuwa limejificha. SA612 hupata volti 5 kupitia regyuleta 78L05. Mkono wangu umezoea ile 7805 kubwa: maandishi yakikuelekea, mguu wa kushoto ni wa kuingiza, wa kati ni hasi, wa kulia ni wa kutoa. 78L05 ndogo, yenye umbo la transista, ni kinyume chake: upande bapa ukikuelekea na miguu ikiwa chini, kushoto ni kutoa, kulia ni kuingiza. Mimi niliipachika kwa mazoea bila kutazama mchoro. Nilipopima mguu wa 8 wa SA612 nikakuta karibu volti 8. Chipu hiyo inatakiwa kufanya kazi kati ya volti 4.5 na 8, na haivumilii zaidi ya 9. Nimeigeuza regyuleta, sasa napata 5 kamili.

Hali ilivyo leo: sauti ikiwa chini, vipimo vyote vinapendeza. Betri mpya inatoa 9.2, baada ya dayodi 8.5, na mguu wa 5 wa LM386 una 4.2, yaani karibu nusu ya umeme wake kama inavyopaswa. Redio nzima inakula miliampia 11. Nikigusa waya wa kati wa kitufe cha sauti kwa bisibisi, spika inavuma vizuri, kwa hiyo naamini kikuza sauti ni kizima. Ila hakuna kituo hata kimoja, si sauti ya mtu wala alama za Morse. Nikipandisha sauti kupita nusu, inaanza pu-pu-pu kama injini ya mashua, na mita kwenye mguu wa 6 wa LM386, unaoingiza umeme wake, inacheza kati ya volti 7 na 8.

Namshuku kapasita aliyepewa umeme kinyume. Nilishikiza ya maikrofaradi 47 juu yake, ile pu-pu-pu ikapungua kasi lakini haikukoma. Je, kapasita wa namna hiyo aliyepata joto kwa sekunde 10 bado anaaminika, au nimtoe bila kujiuliza? Na nikimtoa, niweke 100 hiyo hiyo au kubwa zaidi?

Jambo linaloniumiza zaidi ni SA612. Sina osiloskopu ya kuonyesha mawimbi, nina mita na redio ya zamani ya mawimbi mafupi. Nikiiweka redio hiyo karibu na bodi na kuitafutia megahezi 7, nikasikia ile mishindo ya hewa imenyamaza mahali fulani, naweza kusema osileta, yaani sehemu ya SA612 inayotengeneza wimbi lake yenyewe, iko hai? Na nisiposikia badiliko lolote, nitajuaje kama ni chipu niliyoiunguza mimi au ni koili? Maana binti ameshaniuliza, kwa sauti ndogo, "Baba, ni koili zangu?" Nilimwambia hapana, lakini nataka nimwonyeshe kwa kipimo. Alihesabu mizunguko kwa kidole, mmoja mmoja, na alipopoteza hesabu alifumua yote akaanza upya. Sitaki zifumuliwe tena kwa ajili ya kosa langu.

Na kuhusu ile dayodi: inanila volti 0.7 hivi. Niiache hapo, au ni bora niweke fyuzi na dayodi ya kuvuka chanya na hasi ili nikikosea tena fyuzi ndiyo ikatike?

Betri nimeichomoa, bodi iko mezani kama ilivyo. Sitabadilisha kitu kingine hadi nipate neno lako.

Msomaji wako