Asante Kocha, uliyepima helmeti za watoto wetu

Kwako mwalimu mkuu na kocha, uliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani chuoni: hukutaka jina litajwe, lakini kunyamaza hatuwezi. Ulimpima mtoto mmoja mmoja helmeti ya mchezo huo. Ukingo wa helmeti ukae kama vidole viwili juu ya nyusi; ukiizungusha, ngozi ya paji la uso ifuate. Helmeti ikiteleza peke yake ni kubwa, na mkanda wa kidevu hautaiokoa. Nywele zikisukwa upya, ipimwe tena, jambo ambalo wengi hulisahau. Kumwangusha mpinzani ukawafundisha kwa bega, macho juu, maana kichwa kikiinama, kishindo chote huishia shingoni. Ahsante sana, Mwalimu. Mungu akuzidishie afya na umri.