Mita janja zije, lakini zituhesabu na wapangaji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu hizi mita janja za umeme tunazoambiwa zinakuja. Kila anayezisifia anaanza na lile lile: ukilipa kwa simu, uniti zinaingia zenyewe, hubonyezi kitu. Ni nafuu, sikatai. Mwaka 2024, mita za LUKU, hizi za kulipia umeme kabla ya kuutumia, zilipotakiwa kuhuishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, tuliingiza tokeni tatu mfululizo, tarakimu 60, mimi nasoma na miwani, mjukuu anabonyeza. Ila kwa sisi wenye nyumba za kupangisha huku Tandika, kubonyeza hakujawahi kuwa shida. Shida ni bei.

Nyumba yangu ina vyumba sita, korido katikati, mita moja. Kuna kijana wa bodaboda, umeme wake ni taa, redio na kuchaji simu. Chumba cha mbele yupo dada anayeuza barafu, friji lake halizimwi. Anayemfuata ni fundi cherehani na pasi yake. Umeme tunachanga, na kila mchango una kesi. Yule kijana aliwahi kunijia: "Mama, mimi nalipia barafu za watu." Tukanunua mita ndogo Kariakoo, kila chumba na yake, kelele zikapungua. Sasa kila mtu anajua alichotumia.

Lakini mita ndogo haigusi bei, na hapo ndipo tunapoumia. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi yuko kundi la D1, uniti moja Sh100 kabla ya kodi na tozo. Akizoea kuzidi hapo anahamia T1, Sh292. Bei hiyo ya chini iliwekwa kwa ajili ya mtu wa kipato kidogo. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 30. Hakuna hata mmoja anayekaribia 75. Ila mita kubwa inaona uniti 180, inatuchukulia kama tajiri mmoja. Kwa T1 hizo ni Sh52,560. Kwa D1 zingekuwa Sh18,000. Mwenye nyumba yake peke yake, na kiyoyozi anachowasha siku za joto tu, anaweza kulipa bei ndogo kuliko kijana wa bodaboda mwenye taa moja.

(Na kodi ya jengo, Sh1,500 kila mwezi, inakatwa humo humo kwenye LUKU. Anayewahi kununua mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Kodi ile ni yangu, si ya mpangaji, na mimi huwarudishia. Waulizeni wapangaji wa mitaa mingine kama wanarudishiwa.)

Najua nitaambiwa kila mpangaji aombe mita yake. Kuunganishiwa umeme mjini, ule wa njia moja wa majumbani, bila nguzo, ni Sh320,960. Vyumba vitano vilivyobaki ni Sh1,604,800. Nitoe mimi, kodi ya chumba ipande? Au atoe mpangaji aliyelipa miezi mitatu na huenda wa nne asiwepo?

Mita janja inapeleka taarifa na kupokea, yenyewe, bila mtu kuja kuchungulia. Basi iandikishwe kuwa hapa wanaishi kaya sita, na kikomo cha bei nafuu kiwe 75 mara sita, yaani uniti 450. Au mita ndogo za vyumbani ziunganishwe na ile kubwa, kila chumba kinunue kwa namba yake na kipangiwe bei yake. Dada wa barafu akizidi 75, atalipa kama aliyezidi, na hatamburuta mwenzake.

Watakuja wajanja wa kuandikisha vyumba hewa, hilo halina ubishi. Mwenyekiti wa mtaa anajua nani anaishi wapi, na chumba kisichotumia hata uniti moja miezi miwili mita yenyewe itakisema.

Umeme wenyewe siku hizi upo. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, megawati 2,115. Ninachoomba ni wanaopanga bei wakae na wanaoagiza mita kabla mzigo haujafika bandarini, maana mfumo ukishafungwa bila nafasi ya kaya zaidi ya moja, tutaambiwa mita hairuhusu.

Mama mwenye nyumba,
Tandika, Dar es Salaam