Risala ya Watumishi wa Kitengo cha Mfumo wa Mkojo kwa Mgeni Rasmi, Katika Hafla ya Kumuaga Daktari Bingwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Daktari wetu tunayekuaga, pamoja na familia yako,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kuja mwenyewe. Waliokutangulia katika kiti hicho walizoea kutuma wawakilishi, nao wawakilishi walituahidi kwamba watafikisha.

Historia yetu ni fupi. Kitengo kilianza na chumba kimoja, daktari mmoja na muuguzi mmoja aliyeazimwa kutoka wodi ya upasuaji, ambaye hadi leo hajarudishwa. Daktari mwenyewe ndiye huyu tunayemuaga. Alikuwa daktari wa upasuaji wa kawaida, akaenda kusomea ubingwa wa figo, kibofu na tezi dume, akarudi wakati wengi walishaapa kwamba harudi. Fani hiyo ndiyo ya Charles Huggins, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1966 kwa kazi yake ya kutibu saratani ya tezi dume kwa njia ya homoni. Hivyo, Mheshimiwa, umezungukwa na ukoo wa Nobel.

Mafanikio ni mengi. Chumba cha kungojea kimepakwa rangi. Chumba cha uchunguzi kina pazia linalofunga hadi mwisho. Kubwa kuliko yote, wagonjwa sasa wanaitwa kwa namba. Zamani sauti ilitoka dirishani, “Wa tezi dume piteni huku, wa mipira ya mkojo bakini hapo,” na wazee wa watu wakajifanya wamemsindikiza jirani.

Hayo Daktari hakuyafanya peke yake, na yeye ndiye wa kwanza kusema hivyo. Yupo mtaalamu wa usingizi anayechoma ganzi ya mgongo huku akibishana na mgonjwa habari za soka. Wapo wauguzi wanaobadilisha mipira ya mkojo bila kumvunjia mtu heshima, na yupo dada wa kutakasa vifaa ambaye akisema kifaa hakitoki, hata Daktari husubiri. Jioni Daktari huchezesha mechi za vijana kama refa. Wachezaji wanalalamika kwamba kadi ya njano anaitoa haraka kuliko dawa ya maumivu. Tunaamini sasa atapata muda wa kuongeza na nyekundu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa utulivu kidogo.

Tezi dume imeizunguka njia ya mkojo pale inapotoka kibofuni. Mwanamume akizeeka tezi hukua, na kwa baadhi yao huibana njia hiyo hadi mkojo ukakataa kabisa. Hapo mgonjwa huwekewa mpira wa kutoa mkojo, na mfuko wa kuupokea. Kwa mashine inayofaa, daktari hupitisha kifaa chembamba katika njia ileile ya mkojo, akaikwangua tezi kipande kwa kipande, na mgonjwa akaondoka bila jeraha la nje. Sisi hatuna mashine hiyo. Tunapasua tumbo chini ya kitovu, damu inapotea zaidi, kitanda kinakaliwa siku nyingi zaidi. Wanaosubiri zamu huishi na mpira, na mpira ukikaa sana hukaribisha maambukizi. Mzee anayekuja kliniki na koti zito wakati wa joto, Mheshimiwa, ameficha mfuko.

Mgonjwa anayekojoa damu bila maumivu naye anatutegemea, kwa kuwa huenda ni saratani ya kibofu. Huyo lazima aangaliwe ndani, na uvimbe ukionekana ukatwe ukapimwe. Tulichonacho ni darubini kuukuu ya kuangalia tu. Waya wake wa mwanga ukiutazama kwa mbele umejaa madoa meusi, kila doa ni uzi uliokatika. Kamera ilikufa, hivyo Daktari huinama na kuweka jicho lake kwenye lenzi, maji ya kibofu yakimtiririkia mkononi. Shingo anayostaafu nayo ameipata hapo. Ilhali daktari Mjerumani, Maximilian Nitze, alikwisha kuwaonyesha madaktari wa Vienna kifaa cha kuangalia kibofu chenye taa mwaka 1879. Hatuombi maajabu.

Jambo hili si geni ofisini kwako. Mgeni rasmi mmoja alitutangazia mashine hapahapa, tukapiga makofi na vigelegele. Wapimaji wakaja, wakachora ukutani kwa penseli mahali itakaposimama. Alama hizo tulipopaka rangi tulizizunguka, tusije tukaonekana tumekata tamaa. Mwingine, kwa moyo mwema kabisa, alituletea skrini bila kamera. Ni skrini nzuri. Tunaangalia taarifa ya habari.

Kwa hiyo tunaomba seti kamili: darubini, kamera, chanzo cha mwanga, mashine ya umeme ya kukatia, na vipuri vyake. Tunaomba iwe ile inayofanya kazi na maji ya chumvi ya kawaida. Aina ya zamani hutaka maji ya glisini, ambayo yakiingia kwa wingi katika damu hushusha chumvi ya mwili hadi mgonjwa akachanganyikiwa. Daktari kijana anayerithi kiti amefundishwa kuitumia. Asipoipata hapa ataifuata iliko, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Mheshimiwa, ahadi ya mdomo tunaiheshimu sana, na tunazo nyingi. Safari hii Katibu ameandaa karatasi ya mahitaji yenye nafasi ya jina, sahihi na tarehe ya kuletwa kifaa. Iko juu ya meza, upande wako wa kulia, pamoja na kalamu. Chakula kitafuata mara baada ya hapo.

Tunaomba kuwasilisha.